Olkejuado Katika Makasha ya Mbali

Mtu anayetaka kumpata Olonana, mkubwa wa Wamaasai, katika nyaraka za serikali ya kikoloni hana budi amtafute Lenana. Na anayetaka kumjua Parsaloi ole Gilisho, yule msemaji wa Wamaasai wa Purko ambaye jina lake halitengani na kesi ya Wamaasai ya kuishitaki serikali, sharti ajizoeze kwanza kuandika Legalishu, kwa kuwa ndivyo karani alivyolisikia jina lile, na alivyolisikia ndivyo alivyoliandika, na alivyoliandika ndivyo lilivyobaki. Mbuga za Wamaasai wa Ilkaputiei, ambazo leo zimebeba mji wa Kitengela na vitongoji vyake, katika ramani za Wazungu ziliitwa Kapiti. Na mto mrefu, ambao kwa Kimaa ndio olkeju ado, uliingia katika sikio la mgeni ukatokea upande wa pili ukiwa Kajiado, jina ambalo sasa ni la mji, lilikuwa la wilaya, na leo ni la kaunti, wala sijamsikia anayedai libadilishwe. Baraza la wilaya peke yake ndilo lililong'ang'ania matamshi ya wenyewe, likajiita la Olkejuado mpaka mabaraza ya namna ile yalipovunjwa mwaka 2013.

Nimeanza kwa majina kwa sababu maktaba haina mlango mwingine. Mkutubi wa makusanyo maalumu, yaani msimamizi wa kile chumba cha ndani ambamo chuo kikuu huweka hati, barua, picha na vitabu adimu visivyoazimwa wala kutolewa nje, hakuachi upite baina ya rafu ukachague kwa jicho. Hukupa fahirisi, nawe huandika katika kikaratasi kile unachokitaka, kisha ukaketi ukangoja. Kalamu ya wino huachwa nje, maana penseli ndiyo iliyoruhusiwa. Mkoba huachwa nje, na chupa ya maji kadhalika. Kinachoingia pamoja nawe ni jina tu, na jina hilo likiwa na kosa, au likiwa sahihi mahali ambapo wao walikosea, utajibiwa kwa adabu kwamba hakuna kitu. Mimi, mkaazi wa Kitengela, niliwahi kujibiwa hivyo ugenini katika maktaba ambayo sitaitaja, nikarudi chumbani kwangu kwa unyonge, hata siku ya tatu nilipojaribu Kapiti, na Masai kwa a moja kama walivyozoea watunga orodha wa zamani, nikaletewa makasha manne juu ya kigari.

Yaliyomo katika makasha ya namna ile aghalabu ni kazi ya watu wa aina moja. Tangu hapo hifadhi ya kusini ya Wamaasai ilipowekewa utawala, makao yake yakiwa kwanza Ngong, na baadaye Kajiado ikapata ofisi yake, mji uliopitiwa na reli iendayo Magadi kuchukua magadi ya Kampuni ya Soda iliyoundwa mwaka 1911, kila bwana wilaya alipaswa kuandika ripoti ya mwaka, ambayo vichwa vyake havibadiliki: kodi, mifugo na maradhi yake, barabara, shule, afya, tabia ya machifu, tabia ya morani. Akipewa uhamisho, naye alihamishwa mara kwa mara, huandika ripoti nyingine ya kumkabidhi mwenzake wilaya. Na hii ya pili, kwa rai yangu, ndiyo yenye utamu, kwa sababu ripoti ya mwaka imeandikwa ili mkubwa airidhie, ilhali ripoti ya makabidhiano imeandikiwa mtu ambaye kesho atalala katika nyumba ile ile na kunywa maji ya tangi lile lile, na hapana faida ya kumficha kwamba chifu fulani hasikilizwi, au kwamba daraja fulani huchukuliwa na mvua kila mwaka.

Nakala zilipigwa taipu juu ya karatasi za kaboni, moja ibaki wilayani, moja iende kwa bwana mkubwa wa jimbo, moja ifike Nairobi. Nakala ya chini kabisa ni karatasi nyembamba kama ngozi ya kitunguu. Herufi zake zimefifia na kuwa kama moshi, na mahali pini ilipopita pameacha doa la kutu ambalo limekula neno zima, mara nyingine jina la mtu. Lakini usiidharau nakala hiyo. Mwaka 1939 moto uliwaka katika ofisi kuu ya serikali mjini Nairobi, ukateketeza sehemu kubwa ya majalada ya makao makuu, na tangu siku ile karatasi hafifu zilizosahauliwa katika makabati ya wilayani, zenye mavumbi na mchwa, zikarithi cheo cha zile zilizoungua. Ndiyo maana kitabu cha G. R. Sandford juu ya utawala wa Hifadhi ya Wamaasai, kilichochapwa London mwaka 1919 baada ya kutungwa kutokana na majalada ya serikali, kimekuwa na thamani ambayo mtungaji wake hakuitazamia: alidhani anafupisha, kumbe alikuwa akiokoa.

Baada ya uhuru Bunge lilipitisha sheria ya nyaraka za umma mwaka 1965, na karatasi za wilaya zikaanza kukusanywa katika Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa, ambayo leo imo katika jengo la zamani la benki katika barabara ya Moi, Nairobi, penye kelele za matatu upande mmoja na ukimya wa makaburini upande wa pili. Habari nyingi za Kajiado zimo humo chini ya herufi PC/SP, ambazo maana yake ni bwana mkubwa wa Jimbo la Kusini. Katika jengo hilo hilo imo hazina ya Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais kwa miezi michache mwaka 1966, mtoto wa mfanyabiashara wa Kigoa na mama wa Kimaasai, ambaye alikuwa na vitabu adimu vya Afrika vipatavyo 8,000, na ambaye badala ya kuwauzia wageni waliovitamani alitaka vibaki nchini. Sijui Mkenya mwingine wa zama zake aliyekuwa na maradhi ya karatasi kama yeye, na laiti yangaliambukiza.

Miaka ile ile ya 1960, Chuo Kikuu cha Syracuse, katika jimbo la New York, kilikuwa na mpango wa masomo ya Afrika Mashariki, kikaafikiana na serikali ya Kenya ripoti za majimbo na za wilaya, vitabu vya kumbukumbu za wilaya na ripoti za makabidhiano zipigwe picha katika mikrofilamu. Wasomi watatu, Robert Gregory, Robert Maxon na Leon Spencer, wakatunga mwongozo wa kuzisoma, uliochapwa na chuo hicho mwishoni mwa muongo huo, na mpaka leo mtafiti wa mambo ya Kenya akitaja mwongozo wa Syracuse wenziwe hawamuulizi ni upi. Hivyo ndivyo ng'ombe wa Kajiado, kodi ya Kajiado, ukame wa Kajiado na manung'uniko ya wazee wa Kajiado walivyosafiri mpaka mji unaojulikana Marekani kwa wingi wa theluji, wakawekwa katika visanduku vidogo vya karatasi ngumu, kila kimoja kikitoshea katika kiganja cha mkono.

Filamu hizi zina adabu yake. Unaupachika mviringo upande mmoja wa mashine, unaupitisha utepe chini ya kioo, unaufunga upande wa pili, kisha unazungusha kishikio, na kurasa zinakimbia mbele yako kama miti inavyokimbia mbele ya abiria wa gari moshi, mpaka uone neno unalolitaka, urudi nyuma, ukaze macho. Mara ya kwanza niliupachika utepe kinyume, na maneno yote yakajipanga kutoka kulia kwenda kushoto; nikakaa kitambo nikistaajabu bwana wilaya gani huyu aliyeandika kwa mwendo wa Kiarabu, mpaka msaidizi alipokuja akaugeuza bila kusema neno, naye akajizuia kucheka. Filamu za zama zile zikikaa mahali penye joto hutoa harufu ya siki, ambayo ni alama ya kwamba zimeanza kuoza. Mwenye pua ya mkutubi huijua harufu hiyo tangu mlangoni, na kwake ni kama moshi kwa mwenye nyumba ya makuti.

Wapo wanaosema kwamba Syracuse walituibia. Mimi siwaafiki, maana picha haiondoi kitu mahali pake, na asili za karatasi zilibaki Nairobi. Fauka ya hayo, nakala ambayo iko mahali pawili ni adui wa moto, na moto wa 1939 tumekwisha kuutaja. Dhuluma iliyokuwapo ilikuwa ya safari: kijana wa New York aliweza kusoma habari za babu wa kijana wa Kajiado bila kuvuka mto, na kijana wa Kajiado hakuweza kuzisoma katika wilaya yake mwenyewe. Wizi halisi ulikuwa mwingine. Siku chache kabla ya bendera kubadilishwa, Desemba 1963, masanduku ya majalada ambayo Waingereza hawakupenda warithi wao wayaone yalipakiwa katika ndege Nairobi, na yakakaa Uingereza katika ghala lenye ulinzi mahali paitwapo Hanslope Park, yakikanushwa kuwapo, hata mwaka 2011, katika kesi ya wazee wa Mau Mau dhidi yake mahakamani London, serikali ya Uingereza ikalazimika kukiri. Majalada ya Kenya peke yake yalikuwa yapata 1,500. Sasa yako katika hifadhi ya nyaraka ya Uingereza huko Kew, wazi kwa kila mwenye kitambulisho cha msomaji na nauli.

Ama Oxford, habari zake ni za namna nyingine. Katika mwaka 1963, dola ilipokuwa ikikunja mikeka yake Afrika, chuo hicho kilianza kazi ya kuwaandikia mabwana wilaya wastaafu na wajane wao kuwaomba barua, shajara na picha zilizokuwa zikiliwa na unyevu katika vyumba vya darini, na kwa muda wa miaka tisa hivi kikakusanya katika Rhodes House, nyumba iliyofunguliwa 1929, mrundo wa karatasi za siri za nyumbani ambazo hakuna serikali ingeweza kuziamuru zitolewe. Zimekwisha kuhamishwa, zimo katika Maktaba ya Weston ya chuo hicho hicho. Khitilafu baina ya ripoti na barua ni kubwa: katika ripoti mtu husema kwamba watu wamelipokea jambo kwa utulivu, katika barua kwa mamaye husema hakupata usingizi. Mtafiti anayesoma moja asisome nyingine ni kama kadhi anayemsikiliza mdai na kumfukuza mdaiwa.

Nataka nikae kidogo katika waraka mmoja, kwa kuwa unatosha kuonyesha kazi ya makasha haya yote. Agosti 1904, Kamishna Donald Stewart alifanya mkataba na Olonana na wakubwa wengine wa Wamaasai, watu waliokuwa bado na majeraha ya ile miaka ya maangamizi ambayo wenyewe huiita Emutai, iliposhuka homa ya mapafu ya ng'ombe, kisha sotoka, kisha ndui juu ya watu, na fauka ya hayo vita baina ya Olonana na nduguye Sendeyo kugombea urithi wa baba yao Mbatian. Kwa mkataba huo Wamaasai waliliachia Bonde la Ufa wakapewa hifadhi mbili, moja Laikipia upande wa kaskazini na moja kusini ya reli, ambayo ndiyo nchi hii tunayoizungumza. Na baina ya mbili hizo waliahidiwa njia yenye upana wa nusu maili, ili watu na mifugo wapishane, pamoja na maili tano za mraba katika miteremko ya Kinangop kwa ajili ya sherehe za jando. Na muda? Waraka hautaji miaka. Unasema ya kwamba ahadi hiyo itadumu maadamu Wamaasai wapo duniani kama kabila.

Ilidumu miaka saba. Olonana alifariki Machi 1911, na mwezi uliofuata, chini ya Gavana Percy Girouard, ukaandikwa mkataba wa pili wa kuwahamisha watu wa Laikipia waende kusini, ambao Segi, mwana wa Olonana, alikuwa miongoni mwa walioutia alama. Kwa hesabu ya mwanahistoria Lotte Hughes watu wasiopungua 20,000 walitembezwa, na mifugo iliyowazidi mara nyingi, katika uhamisho uliokwenda na kusimama na kwenda tena mpaka 1913, njiani pakiwa na baridi, maradhi na mizoga. Daktari mmoja wa serikali, Norman Leys, hakuweza kuyanyamazia aliyoyajua. Akaandika barua kwa watu wenye sauti Uingereza, na ikamgharimu kazi yake nchini. Wamaasai wenyewe wakamwajiri wakili Alexander Morrison, wakafungua kesi Mombasa iliyoitwa kwa jina la Ol le Njogo na wenziwe dhidi ya Mwanasheria Mkuu. Walishindwa 1913, na rufani yao ikatupwa mwaka ule ule, kwa hoja ambayo kila nikiisoma hunibidi niweke penseli chini: kwamba mikataba ile ilikuwa mapatano baina ya dola na dola, kwa hiyo mahakama ya ndani haina mamlaka ya kuyahukumu. Yaani siku ya kunyang'anywa walihesabiwa raia wa kuamriwa, na siku ya kudai wakahesabiwa dola ya kigeni. Hukumu hiyo imo katika juzuu ya 5 ya ripoti za kesi za Afrika Mashariki, na wanafunzi wa sheria wa Chuo Kikuu cha Nairobi huisoma katika kampasi ya Parklands kama kisa cha kanuni, bila ng'ombe hata mmoja kulia ndani yake.

Ikapita miaka 100 tangu mkataba wa Stewart. Agosti 2004 Wamaasai waliandamana wakidai Laikipia irudishwe, na wengi wao walishika rai kwamba ardhi ile ilikodishwa kwa miaka 99, au kwa karne moja, na kwamba muda umekwisha. Sidhani namba ile ilizuka hewani. Walowezi walipewa hati za kukodi za miaka 99 chini ya sheria ya ardhi ya 1902, ambazo sheria ya 1915 iliziongeza zikawa za miaka 999. Bila shaka namba za karatasi za mlowezi ziliruka ua zikaingia katika kumbukumbu za mfugaji. Lakini tazama yaliyotokea: uvumi uliwapunguzia wenyewe haki yao. Waliposema muda umekwisha walidai kitu kidogo kuliko kile walichoahidiwa, maana karatasi iliyofungiwa katika makasha ya mbali ilikuwa imewaahidi kwamba muda wa hifadhi yao ya Laikipia hautakwisha kamwe. Ingekuwa nakala ya waraka ule, kwa Kimaa na kwa Kiswahili, imebandikwa ukutani katika kila ofisi ya chifu kutoka Namanga mpaka Ngong, maandamano yale yangekuwa na maneno mengine.

Nisidhaniwe kwamba naiabudu karatasi. Nchi hii ilikuwa na hifadhi yake ya nyaraka kabla ya karani wa kwanza kushuka Ngong, nayo ni rika. Mzee wa Kaputiei hakuambii mwaka. Hukuambia jambo lilitokea Iltareto walipokuwa morani, au Ilterito walipotahiriwa, au kabla Ilnyangusi hawajapewa nafasi, na mwenye kuijua orodha hiyo huweza kuipachika juu ya miaka ya kalenda kwa uthabiti ambao humfedhehesha mtu wa kalenda. Kadhalika masikio ya ng'ombe: mkato wa sikio ni sahihi ya ukoo, na boma zima jioni, mifugo ikirudi na vumbi lake, ni daftari linalosomeka na mtoto wa miaka saba. Nilimsomea mzee mmoja wa Isinya ukurasa niliounakili kwa mkono wangu. Akasikiliza mpaka mwisho, akaniuliza yule bwana aliyeandika alikuwa wa rika gani. Nikasema hakuwa na rika. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa kwamba shahidi hana jina.

Wapo waliojaribu kuziunganisha hifadhi hizo mbili. John Tompo ole Mpaayei alikwenda London katika Shule ya Taaluma za Mashariki na Afrika, na mwaka 1954 Oxford University Press ikachapa kitabu chake cha desturi za Wamaasai, Inkuti Pukunot oo lMaasai, kilichoandikwa kwa Kimaa na mwenye Kimaa. Mwaka uliofuata jina lake likawa pamoja na la A. N. Tucker juu ya jalada la sarufi ya lugha hiyo. Naomi Kipury naye alichapisha mwaka 1983 fasihi simulizi ya Wamaasai, hadithi, vitendawili na methali. Vitabu hivi vimo katika sehemu ya Afrika ya maktaba za vyuo vyetu, Nairobi na Makerere na Dar es Salaam, katika rafu za ndani ambazo hazigusiki bila ya kuomba. Niliomba kile cha 1954 katika chuo kimoja, nikakikuta kadi yake ya kuazimia ni nyeupe kama siku ilipotiwa.

Hapa mtu wa pwani ataniambia kwamba kwao mambo yalikuwa vingine, na atakuwa amesema kweli. J. W. T. Allen alipozunguka pwani katika miaka ya 1960 kuitafutia maktaba ya chuo cha Dar es Salaam tenzi na hati za Kiarabu na za Kiswahili, ambazo orodha yake ilitoka kwa kitabu mwaka 1970, alikuwa akibisha hodi katika nyumba zenye karatasi zake. Bibi mwenye nyumba alifungua kasha la mvule, akatoa daftari lililofungwa kwa kitambaa, lenye mkono wa babu yake, na aliweza kulitoa au kulikatalia. Waraka ulikuwa mali yake kabla haujawa mali ya chuo. Kajiado haikubahatika hivyo: karatasi ya kwanza kuingia bomani ilikuwa ya kodi, ya pili ya karantini ya ng'ombe, ya tatu ya mpaka, na mtu hajifunzi kuitunza karatasi iliyokuja kumhesabu.

Nimekawia katika zama za kale, na Kitengela inanidai. Ukame wa 1960 na 1961, uliofuatwa na mafuriko, uliua zaidi ya nusu ya ng'ombe wa wilaya, na Serikali mpya ikaona dawa yake ni ranchi za pamoja, zikaidhinishwa kwa sheria mbili za mwaka 1968. Watu wakaandikwa majina, ranchi zikapata mipaka na wawakilishi na mikopo, na orodha ya wanachama, karatasi nyingine tena, ikawa ndiyo inayoamua mtoto wa nani ana nchi na wa nani hana. Ranchi ya Kitengela ilikuwa miongoni mwa zilizokaribia Nairobi zaidi, na mwaka 1988 ikagawanywa, kila mwanachama akapata kipande chake. Miaka miwili baadaye eneo la viwanda vya kuuza nje likaanzishwa Athi River, wafanyakazi wakahitaji mahali pa kulala, na kipande kikakatwa kikawa ploti, na ploti ikakatwa nusu. Hadithi hiyo kwa ukamilifu wake, tangu 1890 mpaka 1990, iliandikwa na Mholanzi Marcel Rutten katika tasnifu aliyoitoa Chuo Kikuu cha Nijmegen mwaka 1992, ambayo anwani yake kwa Kiswahili ni Kuuza Utajiri ili Kununua Umaskini. Ni anwani kali. Walakini niliyekaa hapa nikaona mzee akiuza ekari ya mwisho anunue pikipiki sina ruhusa ya kuilaumu. Baadaye, katika miaka ya 2000, vijana wa hapa hapa walifundishwa na watafiti wa mifugo kutembea na vyombo vya kupima mahali, wakachora kila ua wa seng'enge katika mbuga za Kaputiei, ili ionekane wapi nyumbu wa Mbuga ya Taifa ya Nairobi wangali na upenyo wa kupita. Katika yote niliyoyaona makashani, ramani ile ndiyo niliyoipenda, kwa sababu walioishika kalamu waliyajua majina ya mito bila kuuliza.

Vyuo vikuu havitukimbii tena. Kimoja cha Kinazareti kiko Ongata Rongai tangu miaka ya 1990, na kile cha Umma, kilichoanza kama chuo cha sharia Thika, kimejenga Kajiado mjini kando ya barabara iendayo Namanga, na adhana yake husikika hadi sokoni. Kila chuo kina maktaba, na kila maktaba ina chumba cha nyuma ambacho sasa kimejaa viti vibovu. Nadhani chumba kimoja cha namna hiyo, chenye nakala za filamu za Syracuse, sauti za wazee zilizonaswa na orodha ya zile ranchi zilizovunjwa, kingegharimu chini ya lango jipya la chuo. Nami nimekwisha kulisema jambo hili mbele ya watu wawili wenye mamlaka, ambao walinisikiliza vizuri sana.

Juzi jirani yangu, mtu wa mbali aliyekuja Kitengela kwa kazi ya kiwandani na sasa ana nyumba ya vyumba vitatu na ua wa mawe, aliniletea hatimiliki yake nimsaidie kuisoma kabla hajaipeleka benki. Juu kabisa imeandikwa Kajiado, kisha mkwaju, kisha Kaputiei North, kisha mkwaju tena, kisha namba. Nikalitazama jina lile kwa muda, maana katika makasha yote niliyoyafungua sikuwa nimeliona limeandikwa sawasawa mara nyingi hivyo. Akaniuliza huyo Kaputiei alikuwa nani, na kama ndiye aliyekuwa mwenye shamba zamani. Nikamwambia aketi, nikainjika chai.